Kabla ya Kununua Jiko Sumbawanga, Soma Mita

Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100. Ndiyo maana sufuria ya maharage hukaa motoni Ufipa muda mrefu kuliko Dar es Salaam, na muda huo unalipiwa. Muuzaji wa majiko hajui nyumba yako inalipa kiasi gani. Mita yako inajua.

Anza na risiti ya LUKU. Walio kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila inayozidi hapo ni 350. Walio T1 hulipa 292 kuanzia uniti ya kwanza. Ukijumlisha kodi na tozo, uniti inafika kama 122 kwa D1 na 356 kwa T1. Umeme wa shilingi 5,000 ukikupa uniti 41 hivi, uko D1. Ukikupa 14, uko T1. Usipimie risiti ya kwanza ya mwezi, kwa kuwa hiyo hukatwa pia kodi ya jengo.

Sasa pima chombo chenyewe. Zima vyote, bakiza kimoja, kisha tazama taa ndogo inayomulika usoni mwa mita. Karibu nayo pameandikwa namba mbele ya imp/kWh. Kama ni 1000 na taa inamulika mara 20 kwa dakika, chombo hicho kinakula uniti 1.2 kwa saa. Dakika tano za kuhesabu zinatosha kukuonyesha kinachomaliza umeme wako.

Turudi kwenye maharage. Jiko la koili la wati 1,000 likiwaka saa mbili na nusu bila kupunguzwa hula uniti 2.5: shilingi 305 kwa D1, 890 kwa T1. Jiko la presha la umeme hupandisha joto la maji kupita nyuzi 100, kisha hujizima na kujiwasha lenyewe, na kwa kawaida huishia nusu uniti au pungufu. Hiyo ni shilingi 61 au 178. Kwa mwinuko wetu, hakuna chombo cha umeme ninachokipendekeza kwa moyo mmoja kama hiki, hasa kwa mwenye T1.

Gesi nayo ina hesabu yake. Gawa bei ya kujaza mtungi kwa kilo zake. Kilo moja hupeleka chunguni joto linalokaribia lile la uniti 9 kwenye koili, yaani shilingi 3,200 kwa T1 au 1,100 kwa D1. Kilo ikizidi kiasi hicho, koili ina nafuu. Ikipungua, pika kwa gesi.

Maji ya kuoga msimu wa baridi yasisahaulike. Ndoo ya lita 20, kutoka nyuzi 15 hadi 45, hula uniti 0.7. Watu wanne wakioga kila siku, ni uniti 84 kwa mwezi, na D1 imeshapitwa kabla hujawasha hata taa.

Wapangaji wanaochangia mita moja ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu uniti 75 huisha mapema na wa mwisho kununua ndiye anayekutana na bei ya 350. Kabla ya kulipa kodi ya chumba, omba risiti za miezi mitatu, na uulize kama kila chumba kina mita yake ndogo.