Uchumi na Muziki kwa Mwanafunzi Mmoja

Mzazi akisikia kwamba mwanawe ataka kusomea uchumi, hufurahi. Akisikia kwamba ataka kusomea muziki, hunyamaza. Je, akiambiwa kwamba kijana ataka yote mawili pamoja, aseme nini?

Jambo hilo si ndoto tupu. Katika mji mdogo wa Oberlin, jimbo la Ohio, nchini Marekani, kipo chuo kilichoanzishwa mwaka 1833, nacho kina shule yake ya muziki tangu mwaka 1865. Humo mwanafunzi aweza kusoma uchumi upande mmoja na chombo chake upande wa pili, akatoka na shahada mbili. Lakini asidhani kwamba ya pili hutolewa kwa huruma. Sharti akubaliwe pande zote mbili: huku hupimwa elimu yake, kule husikilizwa akipiga. Tena masomo hayo ni ya miaka mitano, si minne.

Mwaka huo wa tano ndio wa kufikiriwa sana. Kitabu cha uchumi chaweza kungoja hata kesho, vidole havingoji. Mwenye kujifunza fidla hana budi kufanya mazoezi kila siku, na anayebana masomo yote mawili katika muda wa moja huiba saa za hili akalipa lile.

Tumtazame Alan Greenspan. Mwaka 1943 aliingia shule ya muziki ya Juilliard, mjini New York, kujifunza klarineti. Punde akaiacha, akajiunga na bendi ya Henry Jerome, akasafiri nayo. Wenzake walipopumzika, yeye alisoma vitabu vya mambo ya fedha. Hata hesabu zao za kodi alizifanya yeye! Mwishowe alijiona kuwa mpigaji wa kadiri tu, akaingia Chuo Kikuu cha New York, akapata shahada ya uchumi mwaka 1948. Kisha aliongoza benki kuu ya Marekani tangu 1987 hata 2006. Watu husema alichagua vema, nami sibishi. Ila yeye aliacha moja ili ashike jingine.

Elimu hizi mbili zina undugu gani? Mwaka 1966 wachumi William Baumol na William Bowen walitoa kitabu kizima juu ya taabu ya fedha katika muziki na michezo ya kuigiza. Mfano ni mwepesi: wapigaji watano wakipiga kwa nusu saa, hutumia saa mbili na nusu za kazi. Kiwandani mashine hupunguza saa za kazi, na mishahara hupanda. Mpigaji naye ahitaji mshahara wa kumtosha, lakini nani atafupisha wimbo? Ajuaye hesabu hiyo hashangai akiona ukumbi umejaa na mfuko ni mtupu.

Wazazi wenye kijana wa namna hii, kabla ya kuomba nafasi, wakiulize chuo mambo mawili: karo ya mwaka wa tano ni kiasi gani, na vyumba vya mazoezi hufunguliwa saa ngapi.