Kabla uposti ile picha ya setilaiti, sikiza kisa changu

Ukifika steji Nairobi useme unaenda Makutano, makanga atakuuliza swali moja tu: ipi? Kuna ile ya njiani, pale barabara inapogawanyika, moja ikikata kuingia Mwea na Embu, nyingine ikipanda kuelekea Sagana. Halafu kuna yetu, ya Meru, hapo juu ya mji, mahali klabu hazilali na mutura hauishi. Katikati ya hizi Makutano mbili kuna kitu kimoja kikubwa: Mlima Kenya.

Mimi ni wa Makutano ya Meru. Na si kitambo nilikaribia kumuumiza mtu asiye na hatia. Silaha yangu ilikuwa simu, bando ya shilingi hamsini na picha iliyopigwa kutoka angani. Nakupea hii stori kwa sababu hata wewe unaweza kufanya vivyo hivyo, pengine hata leo jioni ukiwa kwa kiti umetulia.

Doa la waridi

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ndiyo ilikataa, si kichwa. Nilikuwa nasomea mambo ya ramani, na kile kidogo nilichookota kabla ya kutoka hakijawahi kunitoka. Usiku nikikosa usingizi sitazami mpira. Natazama dunia kutoka juu.

Kuna tovuti inaitwa Global Forest Watch. Ni ya bure na imekuwepo tangu 2014. Unafungua ramani, unavuta hadi kwenu, na kila mahali miti imetoweka kuanzia mwaka wa 2001 panapakwa rangi ya waridi. Usiku mmoja nikavuta hadi Msitu wa Imenti, huu unaopakana na mji wetu. Nikaona doa. Kubwa, la waridi, na kona zake zimenyooka kama ploti iliyopimwa na serveya.

Damu ikachemka. Nikapiga skrinishoti, nikaposti na maneno manne: "Wanamaliza Imenti sisi tukilala."

Ndani ya saa mbili watu walikuwa wanashea kama mandazi ya bure. Mmoja akauliza, "Ni nani?" Mwingine akajibu, "Si ni yule mzee wa makaa." Sikuandika mimi hayo maneno. Lakini sikuyafuta pia. Niliweka simu chaji nikalala, nikijiona shujaa wa mazingira.

Asubuhi vijana walimsimamisha yule mzee akiwa na nduthi yake. Magunia yakamwagwa barabarani. Walimwambia amekula msitu wa shosho zao. Hakupigwa, na sababu ni mama mmoja wa mboga aliyesimama katikati akakataa kutoka.

Jioni mzee akanitafuta hadi kwetu. Ni mtu wa rika la baba yangu. Hakupiga kelele. Alisema, "Kijana yangu, kwa hiyo picha yako, umeona mkono wangu?"

Nikasema, "La, mzee."

"Basi kesho twende unionyeshe hapo mahali."

Tulipofika chini

Tulienda. Simu yangu ikatuongoza hadi kwenye doa lenyewe, na nikajua nimeharibu hata kabla hatujasimama. Visiki vilikuwa kwa mistari, vyote saizi moja. Katikati ya mistari kulikuwa na viazi na maharagwe, na katikati ya viazi kulikuwa na miche ya saiprasi, imefika magotini. Hakuna mwizi wa msitu anayekata kwa rula halafu apande tena.

Lilikuwa shamba la miti. Saiprasi ilipandwa ikomae, ikatwe, iuzwe, na ipandwe tena. Wakulima wanaruhusiwa kulima chakula katikati ya miche kwa miaka michache hadi miti iwafunikie jua. Kama shosho yako anaishi kando ya msitu, anaujua vizuri huu mpango. Anauita "shamba system".

Sasa ngoja. Tukiwa tunarudi, mzee akaniambia tupitie njia ya ndani, kwa msitu wenyewe wa asili. Hatukuenda mbali. Akaniita nikaona kisiki cha muuru, ule mti wa mbao nzuri ambao wazungu waliuita mwaloni wa Meru. Kilikuwa kibichi, maji bado yanatoka. Pembeni kulikuwa na unga wa msumeno na alama za kitu kizito kilichoburutwa. Juu yetu majani ya miti mingine yalikuwa yameshikana kama paa.

Nikafungua ramani hapo hapo. Hakuna doa. Kutoka juu, pale palikuwa pazuri tu, kijani kibichi.

Yaani picha yangu ilimwona asiye na makosa na ikamkosa mwizi. Tulipitia kwa ofisi ya msitu tukaripoti.

Setilaiti huona nini hasa?

Usidhani mashine iko huko juu inapiga selfi ya dunia. Setilaiti kama Landsat ya Marekani na Sentinel-2 ya Umoja wa Ulaya hupima mwanga unaorudi kutoka ardhini, pamoja na ule ambao macho yetu hayauoni. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi. Udongo mtupu haufanyi hivyo. Kompyuta inalinganisha hizo mbili na kutoa namba moja, inaitwa NDVI. Kadiri inavyokaribia moja, ndivyo ukijani ulivyo mzito. Ikianguka ghafla mahali palipokuwa na miti, kuna kitu kimetokea.

Kitu gani? Hapo ndipo mashine inanyamaza. Kwa ile ramani niliyotumia, "mti" ni mmea wowote unaopita mita tano. Haiulizi ulipandwa na nani, wala una kibali au hauna. Saiprasi ya kuvunwa na muuru wa babu yako zikianguka kwa wingi, zote zinapata waridi.

Halafu kuna saizi. Pikseli moja ya Landsat ni mita 30 kwa 30. Wewe unaijua ploti ya hamsini kwa mia, si ndiyo? Hiyo ploti nzima, ile unayoiwekea akiba kwa chama, ni kama nusu tu ya pikseli moja. Sentinel-2 ina macho makali zaidi, mita 10, kwa hivyo ploti yako inapata pikseli nne na kidogo. Lakini mti mmoja ukiangushwa chini ya paa la majani? Hupati kitu.

Na mawingu je? Mlima wetu unapenda kujifunika. Ukitaka picha safi, tafuta ya Januari au Februari, kabla ya mvua ndefu. Ama utumie Sentinel-1, ambayo ni ya rada na hupenya mawingu.

Kuna watu waliifanya vizuri

Usitoke hapa ukisema hizi data ni bure kabisa. Huu msitu wetu bado uko kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, kuna watu waliutazama kutoka juu wakiwa na akili timamu.

Mwaka wa 1999, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilirusha ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare. Walihesabu uharibifu kitu kwa kitu: matanuri ya makaa, mashamba ya bangi, magogo. Miti ya kamfa peke yake, ile inayoitwa muthaiti, waliona zaidi ya 6,700 imekatwa. Imenti ya Chini ilikuwa imevamiwa vibaya. Ripoti ilipotoka ilipiga kelele, na mwaka wa 2000 msitu wa mlima ukawekwa chini ya KWS. Kisha, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda, hawakwenda nyumbani kulala. Mwaka wa 2002 waliangalia tena, wakakuta ukataji umeshuka sana.

Angalia tofauti yao na yangu. Wao walihesabu, wakataja kilichokatwa, wakarudi. Mimi nilipiga skrinishoti.

Nenda na hii hadi Makutano ile nyingine

Kama uko upande wa Mwea, jaribu hii. Fungua Copernicus Browser, ni ya bure, halafu tafuta Bwawa la Thiba kule Kirinyaga. Weka picha ya 2020 kando ya picha ya 2023. Kwa ya kwanza utaona ujenzi na vumbi. Kwa ya pili kuna ziwa, kwa sababu bwawa lilifunguliwa rasmi Oktoba 2022. Mashamba ya mpunga yanayopata hayo maji nayo utayaona yakibadilika rangi, kutoka maji hadi kijani hadi dhahabu. Setilaiti inapita kila siku tano.

Ukitaka kwenda nyuma zaidi, Landsat ya kwanza ilirushwa Julai 1972, na tangu 2008 picha zake zote ni za bure. Bwawa la Masinga lilikamilika 1981. Maana yake kuna picha za Mto Tana ukiwa bado mstari mwembamba, na nyingine baadaye zikiwa na ziwa la kama kilomita mraba 120. Wazee wa Mbeere hawahitaji kukuambia "hapa palikuwa na nchi kavu." Uko nayo kwa skrini.

Na juu kabisa, kule kileleni? Hiyo sehemu inauma. Watafiti waliopima barafu za Afrika Mashariki kwa picha za setilaiti za 2021 na 2022 walipata Mlima Kenya umebaki na takriban kilomita mraba 0.07 pekee. Igeuze kwa hesabu ya mashambani: kama ekari 17. Kuna watu Timau wana shamba kubwa kuliko barafu yote iliyobaki kwa mlima.

Hata sisi wenyewe tuko angani sasa. Taifa-1, setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kutazama dunia, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Marekani. Na pale Kasarani, Nairobi, kuna kituo cha RCMRD ambacho kimekuwa kikifanya kazi za ramani na setilaiti kwa nchi za ukanda huu tangu 1975. Usidhani haya ni mambo ya wazungu.

Kwa hivyo ufanyeje?

Mimi si mwalimu, na cheti sina. Lakini nimelipia haya masomo kwa aibu, kwa hivyo wewe yapokee bure.

Kwanza, tazama umbo la doa. Kona zilizonyooka mara nyingi ni shamba la miti, barabara au mpango wa mtu. Doa lililoraruka kama kitambaa kilichotafunwa na panya ndilo la kukukosesha usingizi.

Pili, usilinganishe Aprili na Februari. Nchi yote hubadilika rangi mvua ikinyesha. Chukua mwezi ule ule, miaka tofauti.

Tatu, tafuta picha ya baada, si ya kabla tu. Kama pameanza kurudi kijani kwa mistari, mtu amepanda.

Nne, nenda. Panda nduthi, vaa gamubuti, uliza mwenye shamba la karibu. Kwa msitu wa serikali, pitia kwa ofisi ya msitu kwanza, na usiingie peke yako: Imenti ina ndovu na hawajali una wafuasi wangapi.

Tano, jina la mtu lisitoke kwa mdomo wako wala kwa ukurasa wako kwa sababu ya picha. Picha inakuambia wapi na lini. Haijui nani. Mwingine akiandika jina chini ya posti yako, lifute. Hilo ni jukumu lako, si la Facebook.

Nilirudi nikaposti masahihisho. Nikaweka picha ya visiki, ya viazi, ya miche. Nikaomba msamaha kwa jina langu. Ile posti ya kwanza ilishewa mara mia na kitu. Hii ya pili ilipata moyo kumi na moja, mmoja ukiwa wa mamangu. Ndivyo intaneti ilivyo, na ndiyo sababu ni rahisi zaidi kunyamaza kabla kuliko kusahihisha baadaye.

Magunia ya mzee nililipa, kidogo kidogo kwa M-Pesa, miezi mitatu. Alipopata ya mwisho alinipigia. Sikusikia "asante" wala "nimekusamehe". Aliuliza tu, "Ile sehemu ya muuru, kwa simu yako imeonekana?"

Nikaangalia. Bado hakuna kitu.

"Basi Jumamosi twende tena," akasema.