Uuguzi na Taswira ya Mwili kwa Wagonjwa wa Osteoathritisi: Mazingira ya Mahango na Bwera, Wilaya ya Kasese

Utangulizi
Osteoathritisi huchakaza gegedu, huvimbisha kiungo na kubadili umbo lake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 waliishi na ugonjwa huu, takriban asilimia 60 wakiwa wanawake. Goti ndilo huathirika zaidi. Makala hii inafafanua wajibu wa muuguzi katika jambo lisiloonekana kwa eksirei: namna mgonjwa anavyouona mwili wake.

Taswira ya mwili
Kielelezo cha uuguzi cha Bob Price (1990) kina nguzo tatu: mwili ulivyo, mwili unaotamaniwa na mwili unavyowasilishwa mbele ya watu. Nguzo hizo zikiachana, fadhaa huzuka. Mahango ni nchi ya miteremko ya Rwenzori, ambako mwanamke hubeba kuni na mazao mgongoni kwa kamba ipitayo kwenye paji la uso. Katika mazingira hayo, goti lililopinda huweza kutikisa heshima ya mtu kama mchapakazi.

Aibu hiyo ina athari za kitabibu. Anayejificha hupunguza kutembea. Misuli ya paja hudhoofika, goti hukosa mhimili, na maumivu huongezeka. Anayeukataa mkongojo kwa kuwa unamtangaza kuwa mzee hujinyima kifaa kinachopunguza mzigo wa goti.

Hatua za muuguzi
Kwanza, aulize faraghani, kwa Kikonzo inapowezekana: ni shughuli gani mgonjwa ameiacha tangu mguu ubadilike? Pili, aeleze kwamba chanzo ni ugonjwa wa kiungo, wala si laana au uvivu. Tatu, afundishe mazoezi ya paja, na mkongojo ushikwe kwa mkono wa upande wa goti zima. Nne, aishirikishe familia katika kugawana mizigo bila kumvua mgonjwa majukumu yote. Dalili za sonona zikijitokeza, atoe rufaa.

Mapendekezo
Kumtaka mgonjwa wa goti ateremke mlima kila mara hadi Hospitali ya Bwera au mjini Kasese ni kumwongezea maradhi. Wahudumu wa afya wa vijiji, ambao Uganda iliwaanzisha mwaka 2001, wafundishwe kuwatambua wanaojitenga na kuwafuatilia nyumbani. Aidha, swali kuhusu shughuli zilizoachwa liingizwe katika fomu ya tathmini ya uuguzi. Gharama yake ni dakika chache. Kulipuuza huweza kumfanya mgonjwa aache tiba huku kiungo chake kingali kinaweza kusaidiwa.