Maelezo ya Zana ya Kuorodhesha Oda za Malipo: Tatizo la Msomaji Asiyeuliza

1.0 Utangulizi

Maelezo ya matumizi ya programu za kompyuta yamezoeleka kuandikwa kwa kumlenga msomaji binadamu. Msomaji huyo akikutana na neno tata huuliza, hujaribu, au hukisia kutokana na tajiriba yake. Katika miaka ya hivi karibuni amejitokeza msomaji wa aina nyingine, yaani wakala wa akili mnemba: programu inayopokea swali la mtumiaji, ikachagua zana ya kulishughulikia, ikaitumia, kisha ikajibu kwa lugha ya kawaida. Makala haya yanachunguza maelezo ya zana ya kuorodhesha oda za malipo, na yanadai kwamba uandishi wake ni kazi ya kisemantiki kabla ya kuwa kazi ya kiufundi.

2.0 Msomaji na Matini Yake

Katika Model Context Protocol, itifaki iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic mwezi Novemba 2024, seva humpa wakala orodha ya zana zake. Zana hutambulishwa kwa jina, maelezo mafupi, na muundo wa vigezo inavyovipokea. Wakala haoni msimbo ulio nyuma yake. Maneno hayo machache, basi, ndiyo takriban maarifa yote aliyo nayo kabla ya kuitumia.

3.0 Uchambuzi wa Mfano

Tuchukue mfumo wa Razorpay, kampuni ya malipo ya India. Utata unajitokeza katika maeneo manne.

3.1 Dhana ya oda

Katika mfumo huu oda ni kumbukumbu ya fedha zinazotarajiwa, wala si fedha zilizokwisha pokewa. Hali yake huanza kuwa "created" inapoundwa, huwa "attempted" mteja anapojaribu kulipa, na huwa "paid" malipo yanapokamilika. Mfasiri akiiita "agizo la malipo", msomaji wa Kiswahili ataelekea kufikiria amri anayopewa benki ili itoe fedha. Kwa sababu hiyo, neno "oda" linafaa zaidi, mradi hali zote tatu zifafanuliwe.

3.2 Idadi na kiasi

Kiswahili kina bahati ya kutenganisha "idadi" ya vitu na "kiasi" cha fedha, na tofauti hiyo yafaa itumiwe kikamilifu. Kigezo cha idadi kisipotajwa, mfumo huleta oda 10 tu. Upeo wake ni 100 kwa kila ombi. Tuseme muuza vitabu mwenye oda 240 auliza ni nani hawajalipa. Maelezo yakisema tu kwamba zana "huleta oda zote", wakala anaweza kupokea 10 na kujibu kana kwamba ameziona zote. Yakieleza kigezo cha kuruka, ataomba mara tatu: akiruka 0, kisha 100, kisha 200.

Kiasi nacho huandikwa kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu. Tarakimu 50000 ni paisa, yaani rupia 500. Wala haitoshi kusema "gawanya kwa 100": katika kiwango cha ISO 4217, shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina nafasi mbili za desimali, ilhali ya Uganda haina hata moja.

3.3 Wakati

Vigezo vya mwanzo na mwisho wa kipindi hupokea sekunde zilizohesabiwa tangu Januari 1, 1970, kwa saa za dunia. Mzungumzaji wa Kiswahili akisema "tangu saa 2 asubuhi" anakusudia 08:00. Wakala akiielewa kuwa 02:00, kipindi kitaanza saa sita kabla ya wakati uliokusudiwa. Maelezo hayana budi kutaja mfumo wa saa pamoja na ukanda wa saa.

3.4 Kitenzi

"Kuorodhesha" ni kusoma tu. Hata hivyo, zana hii huweza kukaa orodha moja na zana za kuunda oda au kurudisha fedha. Yafaa isemwe wazi kwamba haihamishi fedha wala haibadilishi kumbukumbu yoyote.

4.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba utata ambao binadamu huusuluhisha kwa kuuliza, wakala anaweza kuugeuza kuwa jibu lenye sura ya uhakika. Madhara yake humfikia mtu: mteja aliyelipa hudaiwa tena, au mzigo hupelekwa kwa ambaye hajalipa. Tunapendekeza kila maelezo ya namna hii yajibu maswali matano: oda ni nini na hali zake zina maana gani, ombi moja huleta ngapi, na zilizosalia hupatikanaje, kiasi ni cha kipimo gani, wakati unahesabiwaje, na je, zana inabadilisha chochote? Maswali haya yanahusu maana za maneno, na wanaisimu wana la kuchangia katika kuyajibu.