Nanasi Laweza Kuusaidia Mtambo Ghali
Wapo wanaoamini kwamba picha bora ya maradhi hupatikana tu kwa kununua mtambo ghali zaidi. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni nyongo.

Tangu mwaka wa 1991, madaktari wameweza kupiga picha za mirija ya nyongo kwa nguvu za sumaku. Mtambo hutegwa ili majimaji yaliyotulia yang'ae, nazo nyama za mwili zififie. Kijiwe kilichoziba mrija huonekana kama doa jeusi, bila mgonjwa kupitishiwa mpira wa kamera kinywani, njia ambayo yaweza kuleta uvimbe wa kongosho.

Hata hivyo, maji ya tumboni nayo hung'aa na kuificha mirija. Tiba yake ni nini? Mgonjwa akae saa kadhaa bila kula, ili kifuko cha nyongo kijae na tumbo libaki tupu. Kisha aweza kunywa sharubati ya nanasi, kwani madini ya manganizi yaliyomo huuzima mng'ao wa tumbo. Watafiti wa Uingereza walilieleza jambo hilo mwaka wa 2004. Hatimaye abane pumzi aagizwapo, maana ini husogea kila avutapo hewa.

Mgonjwa asiyeelezwa sababu atakunywa chai njiani, na huenda kijiwe kisionekane. Basi, walimu, mfundishapo sumaku na usagaji wa chakula, yaunganisheni. Nanyi wanafunzi, mwelezeni nyanya nyumbani kabla hajaenda hospitalini.