Maktaba ya Umma si Ghala la Vitabu: Faida Zake kwa Watu wa Kitengela na Kajiado

Watu wengi wakisikia neno "maktaba" hudhani ni nyumba ya kimya ya kuwekea vitabu, ambamo huingia wanafunzi na walimu tu. Mfugaji, fundi, mama auzaye mboga sokoni na mzee asiyejua kusoma hujiona hawana haja nayo. Fikira hiyo si sawa. Maktaba ya umma ni mali ya watu wote wa mahali ilipo, nayo ina kazi nyingi zaidi ya kuazimisha vitabu. Katika makala hii twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kazi hizo ni zipi, na kwa nini zina maana kubwa hasa kwa watu wa Kitengela na Kajiado.

MALISHO YALIYOGEUKA MJI

Kajiado ni mji wa serikali wa tangu zamani, nao umo kwenye njia ya reli iendayo Magadi. Kitengela ni mji mpya. Nchi yake, iliyo kusini ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ilikuwa malisho ya Wamasai na njia ya wanyama wa porini. Katika mwaka 1988 ranchi ya pamoja ya Kitengela ilianza kugawanywa, ili kila mwenye haki apate sehemu yake na hati yake. Tangu hapo ardhi nyingi imeuzwa vipande vipande, na nyumba zimejengwa pale walipolishwa ng'ombe. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 58,167 katika mji wa Kitengela. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 154,436. Yaani kwa miaka kumi tu watu waliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu.

Watu hao wametoka pande zote za nchi, na lugha zao ni nyingi. Wako wafanyakazi wa viwandani, madereva, wenye maduka, na wenyeji ambao baba zao walikuwa wafugaji. Lakini liko jambo moja linalowapata wote: siku hizi maisha yao yanakwenda kwa karatasi. Hati ya shamba ni karatasi, mkataba wa kazi ni karatasi, mkopo ni karatasi. Hata simu ya mkononi huleta maandishi yanayotaka kusomwa na kufahamika. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Hapo ndipo maktaba inapoingia.

HABARI ZA ZAMANI KWA UFUPI

Haki ya kuingia maktaba haikupatikana kwa siku moja. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuitumia mpaka mwaka 1958. Kwa ajili ya Waafrika, East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilichapisha vitabu kwa lugha za nchi hizi, ikapeleka masanduku ya vitabu mashambani na kuwaazimisha wasomaji kwa njia ya posta. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba ya Taifa, nayo ikaanza kazi mwaka 1967. Tangu hapo maktaba zimefunguliwa katika miji mingi ya Kenya, pamoja na Narok kwa jirani zetu. Katika mwaka 1996 bodi hiyo ilianza pia kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa, kwa wafugaji ambao huhama wakifuata maji na majani. Basi asiseme mtu kwamba mfugaji na kitabu haviendi pamoja.

KAZI ZA MAKTABA KATIKA JUMA

Katika mji mdogo maktaba njema huwa na ratiba kama vile sokoni palivyo na siku ya gulio. Kila kundi la watu hujua siku yake.

Kwanza, saa ya hadithi kwa watoto. Msimamizi huwasomea kwa sauti huku akiwaonyesha picha, kisha huwataka wao wenyewe waisimulie hadithi ile upya. Kazi hii yaonekana kama mchezo, lakini mtoto aliyezoea kusomewa hufika shuleni akijua kwamba alama zile za karatasini zina sauti na maana, na kusoma humwia kwepesi. Mjini Nairobi, shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, limetengeneza upya maktaba za Kaloleni na Makadara, ambamo watoto wa mitaa ile hukutana kwa vitabu na michezo ya elimu.

Pili, mahali pa kusomea. Jamaa wengi wa Kitengela hukaa katika vyumba vya kupanga, na mwanafunzi hana meza wala utulivu. Maktaba humpa kiti, taa na kimya, na hayo matatu peke yake yaweza kubadili matokeo ya mtihani wake.

Tatu, kisomo cha watu wazima. Serikali ilianzisha Bodi ya Elimu ya Watu Wazima katika mwaka 1966, na katika mwaka 1979 ikafanya kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kusoma. Kazi hiyo haijaisha. Mtu mzima huona haya kuingia darasa la watoto, lakini haoni haya kuingia maktaba, maana wote waingiao humo ni wanafunzi.

Nne, mazungumzo ya wafugaji. Kila mwezi Mamlaka ya Taifa ya Kupambana na Ukame hutoa taarifa juu ya mvua, malisho, maji na bei za mifugo katika kaunti kavu, na Kajiado ni mojawapo. Taarifa hizo huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Zikisomwa na kuelezwa kwa Kimasai na Kiswahili, mfugaji aweza kukata shauri mapema, auze ng'ombe wachache wakingali na nyama kabla ya jua kuwamaliza. Waliouona ukame wa mwaka 2009 wajua thamani ya habari inayofika kwa wakati.

Tano, siku ya wazee. Mzee asiyejua kusoma naye ni kitabu. Akialikwa kusimulia majina ya mito, habari za marika na mila za kugawana malisho, na vijana wakayaandika au kuyanasa kwa simu, maktaba hupata hazina isiyonunuliwa dukani.

KARATASI YA ARDHI

Katika kazi zote hizo, iliyo ya haraka zaidi kwa watu wa Kajiado ni kufahamu sheria za ardhi. Mtu atiapo kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, huenda akauza kwa siku moja kile ambacho wajukuu wake wangekilisha ng'ombe. Maktaba si wakili, wala haitoi hukumu. Lakini yaweza kuweka sheria mezani, kumwalika mwanasheria au ofisa wa ardhi, na kuwapa watu nafasi ya kuuliza.

Mathalani, mambo haya yawapasa wote kuyajua. Sheria ya mwaka 1967 ya Usimamizi wa Ardhi yataka mauzo ya ardhi ya kilimo katika maeneo inayoyahusu yapate idhini ya bodi yake, na maombi yapelekwe kabla ya miezi sita kupita tangu mapatano. Idhini isipopatikana, mapatano hayana nguvu. Tena, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza mali ya ndoa kuuzwa wakati wa ndoa ya mke mmoja bila idhini ya mume na mke wote wawili. Na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ndiyo iliyoshika mahali pa ile sheria ya mwaka 1968 iliyounda ranchi za pamoja. Mama ajuaye jambo la pili, na kijana ajuaye la kwanza, waweza kuiokoa nyumba nzima.

NANI ANAYEHUSIKA?

Kwa Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, maktaba za kaunti zimo katika kazi za serikali ya kaunti. Kwa hiyo mwenye kutaka maktaba, au kutaka iliyopo ifanye kazi zaidi, hana haja ya kungoja Nairobi. Kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika baraza la wawakilishi kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya fedha kabla ya tarehe 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Sheria yataka wananchi waulizwe maoni yao. Mtu asemaye katika mwezi wa Julai kwamba mji wake umesahauliwa huwa amechelewa. Yafaa aseme wakati mpango unapoandikwa, tena aseme pamoja na wenzake na kwa maandishi.

Wala si lazima kungoja jengo kubwa. Chumba chenye kufuli, rafu mbili za vitabu, meza, taa, na mtu mmoja mwaminifu wa kuandika nani amechukua nini, hutosha kuanzia. Kinachoua maktaba si uchache wa vitabu, bali ni uchache wa watu waingiao. Rafu zikiota vumbi, wenye kugawa fedha husema hapana haja; watu wakijaa mpaka wakakaa sakafuni, haja hujisema yenyewe.

Basi, wazazi wa Kitengela na Kajiado, wapelekeni watoto kwenye vitabu, nanyi msibaki mlangoni. Mwenye karatasi asiyoifahamu na aende nayo, aulize kabla ya kutia sahihi. Kuuliza si ujinga.