Fahamu: Jua la Unguja na mtoto mwenye pumu ya ngozi

Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na adhuhuri jua hupiga utosini. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, kinga ya kwanza ni kivuli, nacho vichochoro vya Mji Mkongwe vinacho tele. Aliye chini ya miezi 6 mvishe kofia pana na pamba nyepesi ya mikono mirefu; matembezi ya bustani ya Forodhani yangoje jioni.

Akivuka umri huo, tafuta losheni ya jua yenye zinki oksaidi, SPF 30 au zaidi, isiyo na manukato. Ijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, usubiri siku moja mbili. Mafuta ya nazi (bibi atanisamehe) hayatoshi kukinga jua, na liwa yenye marashi huweza kuamsha muwasho. Jasho nalo huwasha: mwogeshe, mkaushe taratibu.